PICHA YA UNGA SI KAZI YA CHAMA
*Taarifa ya Kamati ya Tawi kwa watia nia na wanachama wote*



Taarifa hii ni ndefu kuliko zile mlizozizoea za kuwaita kikaoni. Aliye shambani au kwenye bodaboda aisome jioni akitulia, lakini aisome yote kabla ya kuijibu kwa sauti ya dakika tano.

Jumapili Kamati ya Tawi ilikaa. Ajenda zilikuwa nne: ada, daftari la wapiga kura, ukarabati wa ofisi, na mengineyo. Tulianzia kwenye mengineyo na hatukutoka huko hadi giza likaingia. Jambo lenyewe ni picha. Tunazungumzia picha mnazoziona kila siku kwenye stetasi, kwenye Facebook na kwenye makundi yetu ya WhatsApp, mtia nia akiwa amesimama na mtu maskini, wameshika mfuko mmoja wa unga kwa mikono minne, na chini pameandikwa maneno ya kugusa maisha ya wanyonge.

Tunasimulia tukio moja kwa sababu lilitokea kwetu. Majina hatutayataja, na atakayeyataja kwenye kundi atatolewa.

Mwezi uliopita mmoja wa watia nia wetu wa uenyekiti wa kitongoji alikwenda nyumbani kwa bibi mmoja anayelea wajukuu. Alibeba unga wa sembe kilo tano, sukari kilo moja na mche wa sabuni. Alifuatana na watu wanne, wawili kati yao wakiwa na simu mkononi. Bibi alikuwa ndani. Akaombwa atoke nje penye mwanga. Akaelekezwa asimame wapi na ashike wapi. Picha ya kwanza ikasemekana hakutabasamu, wakarudia. Ya pili jua likawa nyuma, wakazunguka upande wa jiko. Kwa picha ya tatu wakamwita mjukuu aliyekuwa akikoka moto, mtoto wa darasa la tano, akaja kifua wazi kama alivyokuwa, wakamsimamisha mbele. Hiyo ndiyo iliyopendeza.

Jioni ile picha ilikuwa kwenye stetasi. Usiku ilikuwa kwenye kundi la Tawi, na wajumbe sita wa Kamati hii hii inayowaandikia waliweka makofi na mioyo. Hatuwezi kuwasema wengine tukaficha hilo. Tulishangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama bibi aliombwa ruhusa, wala mtoto yule anasoma shule gani na wenzake wana simu za wazazi zenye intaneti au hawana.

Wanazo. Jumatatu mtoto alipofika shuleni alipewa jina jipya: Kilo Tano. Wameliimba wakati wa mapumziko, wameliandika ubaoni mwalimu akiwa nje. Alikaa nyumbani siku nne. Bibi naye, mwenye kadi ya Chama ya siku nyingi kuliko umri wa mtia nia mwenyewe, hajaonekana mkutanoni tangu siku ile. Wajumbe wawili walipokwenda kumwona aliwakaribisha vizuri, akawapa viti na maji. Walipomuuliza kulikoni, aliwajibu kwamba unga uliisha Jumanne lakini picha bado ipo.

Sasa tuulizane, nani alimsaidia nani? Nyumba ya watu sita inamaliza kilo tano kwa siku mbili au tatu. Picha imemtembeza mtia nia mwezi mzima, imefika Bunda na Musoma, imepelekwa hadi kwa watoto wetu walio Mwanza na Dar es Salaam. Gharama ya tangazo la namna hiyo mnaijua ninyi wenye maduka. Bibi alifanya kazi ya kumpigia kampeni mwenzake, akalipwa unga, sukari na sabuni, akalipa yeye kwa heshima yake na ya mjukuu wake. Hesabu hii tukiifanya sawasawa, mtia nia ndiye anayedaiwa.

Wapo watakaosema tunakuza mambo, msaada ni msaada. Tunawakumbusha neno ambalo vijana wengi hawalijui: *takrima*. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kutoa takrima, yaani ukarimu wa kimila kwa wapiga kura, na hilo lisihesabiwe kuwa rushwa. Tulioziona chaguzi za 2000 na 2005 tunakumbuka ukarimu ule ulivyokuwa. Mtu ambaye hakuwahi kukupa hata maji ya kunywa ghafla alikuwa mkarimu kuliko mjomba wako. Mashirika ya kutetea haki yakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu vile kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama iliona kwamba vinambagua mgombea asiye na fedha, na kwamba mstari kati ya takrima na rushwa hauonekani.

Sheria ile ilihusu ubunge, sisi tunazungumzia kitongoji. Lakini hoja ni ile ile. Mgombea asiye na hela ya unga afanye nini? Akope ili apate picha? Tunaye mtia nia mmoja, mama anayeuza dagaa gulioni, aliyetuuliza swali hilo kwa mdomo wake. Na takrima ya leo ina ubaya ambao ya zamani haikuwa nao. Ile ya zamani mtu alikula pilau yake, akaondoka, akapiga kura alivyotaka. Hii ya simu inampiga chapa aliyepokea. Anakula siku tatu, anaonekana ombaomba miaka yote.

Tena inafanyika wakati usio wake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni *Jumatano, Novemba 27, 2024*. Kampeni ni siku saba, Novemba 20 hadi 26. Leo ni Septemba, na kuna watu wamekuwa kwenye kampeni ya picha tangu mwanzo wa mwaka, wakijiita Mheshimiwa Mtarajiwa, na kila wanapoulizwa wanasema hiyo ni stetasi yangu binafsi. Stetasi binafsi yenye rangi za Chama, namba ya simu na wimbo? TAKUKURU nao wana simu, ndugu zetu.

Kuna na sheria nyingine ambayo wengi hawajaisikia. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi. Taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, zile zinazotaka ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto anayeridhia ni mzazi au mlezi. Sisi si mawakili na hatutaki kumpeleka mwenzetu kwa mtu. Tunachosema ni kwamba ile kauli ya "mbona hakukataa" haina miguu. Bibi mwenye njaa aliyesimamishwa nje na watu watano wenye simu hakuulizwa kitu ambacho angeweza kukikataa. Angesema hapana, unga ungebaki?

Wenzetu wa upande wa pili wa hoja walizungumza kikaoni, na hatukuwazima. Walisema hivi: zama zimebadilika, asiyeonekana mtandaoni hayupo, na mpiga kura kijana hamfuati mtu mikutanoni. Mmoja akasema biashara ni matangazo. Mzee mmoja akamjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, basi wakabishana kwa methali nusu saa nzima bila mshindi.

Sisi tunakubali sehemu ya hoja yao. Mtia nia ana haki ya kutengeneza sura yake. Hata Mwalimu, ambaye yuko kaburini pale Butiama na wote tunajua njia ya kwenda, alijua nguvu ya picha. Picha yake akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar Aprili 1964 ipo kwenye vitabu vya shule mpaka leo. Lakini angalieni ilivyokuwa. Kulikuwa na jambo la kweli, nchi mbili zimeungana, na picha ikalifuata. Katika picha ile hakuna masikini aliyeitwa kutoka jikoni ili Mwalimu aonekane mwema. Alipong'atuka mwaka 1985 alirudi kijijini akalima, na majirani walimjua kwa kukaa naye. (Kila Oktoba 14 tunabadilisha picha za profaili tunaweka yake. Mwaka huu ni robo karne tangu afariki. Tutaziona, na tutawaona na walioziweka.)

Sasa linganisheni na hii. Mnaujua mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaochota maji Ziwa Victoria. Fedha zake ni za Serikali pamoja na mikopo ya BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Ni mradi uliosubiriwa na wazazi wetu. Juzi mtia nia mwingine, si yule wa unga, kajipiga picha ameinama kwenye bomba, mkono kwenye koki, na kaandika kwamba ahadi aliyoitoa ameitimiza. Ahadi ipi? Aliitoa kwa nani? Ndugu huyu hajawahi kuwa hata mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Kama kuinama kwenye bomba kunamfanya mtu kuwa mleta maji, basi ng'ombe wa Kiabakari wote ni waheshimiwa.

Mwingine ameweka picha ya darasa jipya lenye madawati mazuri. Mwalimu mmoja mstaafu ameangalia mlima ulio nyuma yake akatuambia mlima ule haupo mkoa huu.

Yote haya yangekuwa ya kuchekesha kama yasingekuwa na vitisho nyuma yake. Kijana wetu mmoja, mwanachama, aliuliza chini ya picha ya darasa: hii shule iko wapi? Maneno manne. Saa ile ile machawa wakamvamia. Tunatumia neno hilo kwa sababu wao wenyewe wanajiita hivyo kwa fahari siku hizi, machawa, watu wanaopewa bando na soda ili wasifu asubuhi na kutukana jioni. Wakamwambia atafungwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wakamkumbusha yule kijana wa Arusha aliyehukumiwa Juni 2016 kwa maneno ya Facebook dhidi ya Rais, faini ya shilingi milioni saba au miaka mitatu jela. Kijana wetu alifuta swali lake, akafunga akaunti, na usiku akampigia simu Katibu akiuliza kama polisi wanakuja.

Hapa Kamati inatamka wazi. Kifungu cha 16 cha sheria ile kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Kuuliza shule iko wapi si kusema uongo. Kama kuna aliyechapisha uongo kwenye habari hii, si muulizaji. Mwanachama yeyote atakayetishwa kwa kumuuliza mtia nia swali aje ofisini, na Tawi litasimama naye. Mtu anayesimamia sura yake kwa kuwanyamazisha majirani, akipewa muhuri wa kitongoji atafanya nini nao?

Tena kuna jambo ambalo akina mama wa Tawi walilileta kwa uchungu, na tunakiri wanaume tulikuwa hatulioni. Mwanamume akitia nia, picha zake zinatafutwa za kumpandisha. Mwanamke akitia nia, zinatafutwa za kumshusha. Mtia nia wetu mmoja mwanamke ametembezewa klipu ya harusi ya miaka mingi iliyopita, akicheza na mashangazi zake, imekatwa vizuri ionekane anacheza baa. Kucheza harusini! Nani hapa hajacheza harusini? Klipu ile ilipita kwenye kundi la Tawi na ilikaa saa kumi na moja kabla ya admini kuiondoa. Picha ya unga ilipata makofi, klipu ya harusi ilipata vicheko, na watu walioweka makofi na waliocheka ni wale wale. Mtia nia huyo ametuambia hajitoi. Lakini ametuambia pia kwamba mume wake ameulizwa kilabuni, na binti yake amelia. Tunamwomba radhi hapa, mbele ya wote, kwa sababu aibu aliipata mbele ya wote.

Basi Kamati imeazimia kama ifuatavyo, na tunaandika kwa lugha nyepesi ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kila mtia nia mwenye picha inayomwonyesha mtu akipokea msaada, au mtoto wa mtu, aifute kila mahali alipoiweka kabla ya *Ijumaa, Septemba 20*. Awaambie pia waliomsambazia. Tunajua haitafutika yote, simu za watu hatuwezi kuzifungua. Lakini atakayebaki nayo atabaki nayo kwa jina lake. Aliyedai kazi isiyo yake aandike pale pale alipodai kwamba haikuwa yake, kwa maneno ya kawaida. Waliotengeneza na kusambaza klipu ya harusi tunawajua wawili, watatu tunamtafuta. Wataitwa na Kamati. Jina la mtia nia atakayekaidi litapelekwa kwenye vikao vya uteuzi na maelezo haya yakiwa yameambatanishwa.

Hatukatazi kusaidiana. Mpelekee bibi unga, mpelekee kila wiki ukiweza, nenda jioni kama jirani anavyokwenda kwa jirani, simu ikiwa mfukoni. Wakristo na Waislamu wa hapa wote wamefundishwa namna ya kutoa bila mkono mmoja kuujulisha mwingine, hatuna la kuongeza.

Na anayetaka kuonekana mtandaoni aonekane kwa mambo anayoweza kuyajibu. Weka ulichosema kwenye mkutano wa kijiji kuhusu michango ya shule, na kiasi kilichosomwa. Weka risiti. Piga picha shimo la barabara, ulipime kwa mguu wako, useme ulimwandikia nani na lini. Weka sura yako mwenyewe, imepigwa pasi kadiri unavyotaka, hilo halimdhuru mtu. Tukuulize, nawe ujibu bila kutuma chawa.

Kuhusu sisi wajumbe sita tulioweka makofi. Tulikwenda kwa bibi Jumapili hiyo hiyo baada ya kikao, usiku, kwa miguu, bila simu. Hatukubeba kitu, maana tungebeba ingekuwa yale yale. Tulimwomba radhi. Alituacha tumalize, kisha akasema radhi tumwombe mtoto, yeye ni mtu mzima amezoea watu. Mtoto alikuwa amelala. Mjumbe wa shina atarudi huko wiki hii kuzungumza naye, na mwalimu wake wa darasa ameshaombwa kulifuta jina lile.

Mtia nia mwenyewe tumezungumza naye. Mwanzoni alikasirika. Alisema alitoa kwa moyo, na tunaamini sehemu ya moyo huo ilikuwepo. Tulipomsomea jina aliloitwa mtoto alinyamaza muda mrefu. Ameifuta picha kwenye stetasi na Facebook. Kwa bibi bado hajakwenda, na hatutamtangaza akienda wala asipokwenda.

Mkutano wa Tawi ni *Jumamosi, Septemba 21, saa nane mchana*, ofisini. Ajenda ni uandikishaji kwenye daftari la wapiga kura, ambao utafanyika Oktoba 11 hadi 20, na ada. Watia nia wote wafike wenyewe, wasitume wapambe. Simu zitaachwa mezani kwa Katibu mlangoni, ya Mwenyekiti ikiwa ya kwanza.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*
Kiabakari, Septemba 16, 2024
Msambazie mwanachama mwenzako bila kukata wala kuongeza.